Mwalimu wa Visogo

Mume wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Mwalimu Kisogo. Si tusi. Ni kwamba anafundisha Kiingereza, na wanafunzi wake wote huwafundisha akiwa amesimama nyuma yao. Unakaa kitini, anakufunga shuka shingoni, anawasha mashine, na kabla hajafika sikioni ameshaanza: "Haya, kitenzi cha leo." Upende usipende. Utakimbilia wapi, na nusu ya kichwa imeshanyolewa?

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta wa mbao usiozuia hata chafya, kwa hiyo masomo yote nimeyapata bure, na mengi bila kuyataka. Nimegeuza kola huku nasikiliza "look after". Nimetia zipu huku nasikiliza "look into". Ukiniamsha usingizini nitakuambia kwamba "put off" ni kuahirisha na "put out" ni kuzima moto, na nitakuambia kwa hasira kwa sababu umeniamsha.

"Maneno makubwa ya Kiingereza hayana shida," ndivyo anavyowaambia wateja. "Makubwa yako kwenye kamusi, yametulia, yanakungoja. Watu wanazama kwenye vineno vidogo vya mkiani. Mtu anaijua 'give', anaijua na 'up'. Zikikutana tu, 'give up', anatoa macho! Kumbe ni kukata tamaa, basi."

Vineno hivyo alivipata kwa bibi mmoja wa Kiingereza, mwalimu mstaafu, ambaye mume wangu alikuwa mtunza bustani wake alipokuwa kijana. Baba yake alipofariki shule ilimshinda, akaiacha katikati huku moyo wake wote ukitaka ualimu. Yule bibi alikuwa na mazoea ya kusimama dirishani na kulitaja kila jambo linalotendeka bustanini. Kijana akipunguza ua wa miti, bibi anasema "cut back". Akiung'oa mzizi, "dig up". Akikusanya takataka, "tidy up". Na yeye anakata huku anarudia, anakata huku anarudia. Kiingereza kikamwingia kupitia mikononi, na nadhani hadi leo ndiko kinakokaa.

Kaka yangu, tuliyetoka naye tumbo moja, chake alikipata kwingine. Alikuwa kinyozi wa kambi ya Wamarekani waliokuja kuchimba visima, na hata leo ukimpa nafasi ya pumzi moja tu atakuambia "kule kambini". Watu wakamchoka wakamwita Kambi, naye akalipokea jina kama cheo.

Hawa wawili walifanya kazi duka moja. Kiti cha kwanza cha mume wangu, kiti cha pili cha kaka. Ukikaa cha kwanza unaambiwa kwamba kumpigia mtu simu ni "ring up". Kabla hujaliweka kichwani, kiti cha pili kinadakia: "Kule kambini ukisema 'ring up' watadhani uko dukani unaingiza bei kwenye mashine. Sema 'call up'!" Basi hapo imewaka. Mashine zinanguruma, vineno vinaruka juu ya vichwa vya watu, wateja wanashangilia kama wako uwanjani. Duka lilijaa mpaka wasio na nywele wakawa wanakuja. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye upara unaong'aa, kila Jumamosi yumo. Ukimuuliza, amekuja kutengenezwa ndevu. Ndevu zenyewe hana.

Nilizipenda siku zile, wacha niseme wazi. Nilikuwa nikikanyaga cherehani nacheka peke yangu.

Wakaja kuziharibu kwa sababu ya vyombo. Mama yetu alikuja na kaka kula nyumbani kwangu, na mume wangu, kama wakwe wote, akataka kuonekana. Tulipomaliza kula akasimama, akakunja mikono ya shati, akamwambia mama kwamba leo hataki mtu ajisumbue, yeye mwenyewe ata-"wash up", maana yake ataosha vyombo, hivyo ndivyo wasemavyo wenye lugha yao. Mama akafurahi, mkwe kasoma. Kaka akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema kule kambini "wash up" ni kunawa mikono na uso, hakuna sahani inayohusika, na kwamba shemeji anawalisha watu kiporo cha Kiingereza cha bibi wa bustanini miaka nenda rudi. Mbele ya mama mkwe! Ingekuwa dukani, mume wangu angemrudishia na watu wangepiga makofi. Lakini mbele ya mkwe mtu hana pa kuuficha uso. Akaishusha mikono ya shati pole pole, akasema, "Basi kesho nenda kafundishe kwenye duka lako."

Mama akauliza, "Sasa vyombo vinaoshwa na nani?"

Niliviosha mimi. Kwa Kiingereza cha nani, sikuulizwa.

Kaka naye ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Akabeba kiti chake, akabeba mashine yake, akapanga chumba ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na wa mume wangu. Kila mmoja akatoa ubao mweusi nje. Huku: "Kitenzi cha leo: fill in a form." Ng'ambo, chaki haijatoka mkononi: "Kitenzi cha kweli cha leo: fill out a form." Salamu hakuna. Wanaongea kwa mbao tu, na mimi katikati, mke wa huyu, dada wa yule, nikipeleka chai pande zote mbili kama mjumbe wa amani asiye na mshahara. Zaidi ya mwaka wamekaa hivyo, watu wazima wenye watoto.

Na duka likapoa. Mume wangu bado alifundisha, lakini alikuwa kama mtu anayepiga makofi kwa mkono mmoja.

Sasa nina mteja wangu, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi kwenye redio ya mji wetu, mwanamke mcheshi anayependa gauni lenye mifuko. Siku moja nimemzungushia futi kiunoni, mara kupitia ule ukuta ikasikika sauti: "'Run out of'. Umepiga pasi, umevaa, unataka chai, sukari imekwisha. 'We have run out of sugar.' Sukari haikukimbia, ndugu yangu, ila imekwisha kama iliyokimbia." Mtangazaji akacheka mpaka futi ikateleza. "Nani huyo?" Nikamwambia ni mume wangu. Akasema, "Huyo namtaka hewani."

Nilidhani ni maneno ya mteja anayetaka kushonewa haraka. Kumbe mwenzangu alienda akamwambia meneja wa vipindi, na meneja akakubali kumjaribu: Jumamosi asubuhi, dakika tano, moja kwa moja hewani. Akiwavutia wasikilizaji, kipindi ni chake, kila asubuhi. Asipowavutia, asante na kwaheri, wako wengine wanaongoja.

Mume wangu alipopewa habari hiyo alikaa kwenye kiti cha wateja, kitu ambacho hajawahi kukifanya, akanitazama.

"Mama watoto," akasema, "mimi sijawahi kufundisha mtu anayeweza kuondoka."

"Unasema nini?"

"Wateja wangu nimewafunga shuka shingoni. Wananisikiliza kwa sababu nimeshika mashine juu ya masikio yao. Lakini mtu wa redioni ana kitufe. Nikimchosha ananizima. Nataka nijue kama mtu mwenye kitufe atanisikiliza. Nikilijua hilo, nitajua kama mimi ni mwalimu au ni kinyozi mwenye maneno mengi."

Nilitaka kumtania nikashindwa. Nilimwona alivyokitamani kitu hicho, nikakitamani pamoja naye.

Wiki ile ilikuwa vurugu tupu! Alijifunza kipindi chake kwa kuwanyoa watoto wetu. Akishakumbuka mfano mpya anaita mmoja, anamkalisha, anawasha mashine. Kufika Ijumaa watoto wanang'aa kama balbu, na jirani akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumeingiliwa na chawa. Mimi nilimshonea koti. Nilimwambia redio haina picha, akasema sauti nayo inavaa. Nikamshonea na mfuko wa ndani.

Jumamosi ilipofika akasimama mlangoni na lile koti, akatazama meza yake ya kazi, mashine, vitana, brashi. Akaichukua mashine, akaipima mkononi, kisha akairudisha mezani.

"Leo siendi kunyoa," akasema. "Leo naenda kufundisha."

Akaondoka mikono mitupu, kifua mbele. Ng'ambo ya barabara kaka alikuwa anafagia mlango wake kwa bidii ya ajabu, mgongo akiwa ameugeuzia kwetu. Nikaona ubao wake. Siku hiyo hakuwa ameandika kitu.

Nikaiweka redio juu ya cherehani. Nilikuwa na suruali ya mtu ya kupunguza, nikapunguza mguu mmoja mara mbili, nikaitupa pembeni. Mtangazaji akapiga porojo zake, akatoa hali ya hewa, kisha nikasikia: "Na sasa, wasikilizaji, mgeni wetu wa leo, mwalimu ambaye wanafunzi wake hajawahi kuwaona usoni!" Nilipiga makofi peke yangu chumbani. Pini nilizozibana mdomoni zilikuwa zinacheza.

"Habari za asubuhi, wasikilizaji," akasema mume wangu.

Basi. Ikawa kimya.

Nikagonga redio, nikadhani betri. Haikuwa betri, kwa sababu nilimsikia anapumua.

"Kitenzi," akasema. "Kitenzi ni... 'Fill in'. Hii 'fill in' ni ku... ni pale mtu..." Akakohoa. Kimya tena. Redioni kimya si kama kimya cha nyumbani, jamani! Kinakuwa kizito, kinajaa chumba. Mtangazaji akamwokoa: "Mwalimu anatupa nafasi ya kufikiri kwanza, wasikilizaji!" Akacheka kicheko cha kazini. Mume wangu akaanza tena, sauti nyembamba ambayo mimi mkewe sijawahi kuisikia: "'Fill in', kwa maana ya... maana yake..." Nikaona vitufe vyote vya mji huu, na vidole vya watu vikielekea kwenye vitufe.

Sikufikiri. Nilitoka mbio na futi shingoni na pini mdomoni, nikavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto, baiskeli ikanipigia kengele na mwenye baiskeli akanitukana, nikaingia kwa kaka.

Kaka alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, mashine mkononi imezimwa. Kitini alikaa dereva wa lori, mtu wa miraba minne, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ni kichaka. Redio ya kaka ilikuwa juu ya rafu, inasema kwa sauti ya juu kabisa. Huyo ndiye asiyetaka habari za shemeji yake.

"Kaka!" nikatema pini. "Anazama!"

"Hana mashine," akasema kaka. Alikuwa amekunja uso kama anayeumwa jino. "Hajachukua mashine, sivyo?"

"Ameiacha mezani."

"Mjinga wa mwisho yule! Mjinga! Nimesimama naye bega kwa bega miaka yote hiyo, hawezi kufundisha hata neno moja la Kiingereza bila kitu kinachonguruma mkononi. Ukimpa kijiko anakuwa bubu. Nani amemwambia aende mikono mitupu?"

"Amejiambia mwenyewe!"

Redioni mtangazaji alikuwa amechangamka kupita kiasi, ndivyo wanavyofanya mambo yakiharibika. "Hebu tufungue simu, wasikilizaji! Mwenye swali kwa mwalimu apige sasa hivi!" Akataja namba.

Mimi na kaka tukatazamana. Nilikuwa nimejiandaa kumlilia, kumpigia magoti, kumtajia mama. Sikuhitaji hata moja. "Leta simu," akasema. Yangu niliiacha juu ya cherehani. Yake haikuwa na salio, na akaanza kuitukana kampuni ya simu na wazee wa kampuni hiyo. Dereva wa lori akachomoa mkono chini ya shuka na simu ndani yake. "Tumieni hii," akasema, "lakini mtu animalizie kichwa."

Nikapiga. Namba inatumika. Nikapiga tena, inatumika! Redioni mume wangu alikuwa anasema, "Samahani, wasikilizaji," na niliposikia ile samahani karibu niivunje simu ya watu. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Msikilizaji, uko hewani, karibu!"

Kaka alininyang'anya simu. Hakusema kitu. Akawasha mashine, akaiweka karibu na simu. Nzzzzzzzz.

"Msikilizaji, kuna kelele hapo kwako, tafadhali zima hiyo..."

"Isizimwe!" Ilikuwa sauti ya mume wangu. "Iache. Iache hapo hapo."

Mashine ikanguruma. Nikamsikia anavuta pumzi ndefu, mpaka chini tumboni.

"Hiyo mashine inataka mafuta," akasema.

"Nitaitia mafuta," akajibu kaka. "Mwalimu, mimi ni kinyozi. Nina kichwa hapa kitini. Nikiambie nini leo?"

Mume wangu alimjua, nani asiyeijua sauti ya shemeji yake? Nikashika ukingo wa kiti cha dereva.

"Kikoje hicho kichwa?" akauliza mume wangu.

"Kikubwa. Dereva wa lori. Nimefika nusu."

"Anzia nyuma, juu kidogo ya shingo. Pole pole." Na sauti ikashuka, ikanenepa, ikawa ile ninayoisikia kila siku kupitia ukuta wa mbao. "Haya, kitenzi cha leo."

Nilipiga kelele mpaka muuza matunda wa nje akachungulia. Mume wangu amerudi!

"Dereva," akasema, "umefika mpakani na lori lako. Mwingereza anakupa fomu, anakuambia, 'Fill it in, please.' Usiogope. Anataka ujaze zile nafasi tupu."

"Na Mmarekani," akadakia kaka, simu ameibana kwa bega na mashine ipo kazini kweli kwenye kisogo cha dereva, "anampa fomu hiyo hiyo, anamwambia, 'Fill it out!'"

"Kujaza kuelekea nje kunakuwaje, shemeji?"

Shemeji! Alilisema hewani, mji mzima ukisikia. Kaka akapotea nusu sekunde, mashine ikamchora dereva mstari mahali pasipohusika.

"Na kujaza kuelekea ndani kunakuwaje?" akarudisha. "Fomu ni gunia?"

"Nafasi iko ndani ya fomu!"

"Na ikijaa si inatokeza nje? Kama wewe tumbo lako tangu umwoe dada yangu! Na hilo nalo kwa Kiingereza ni 'fill out', kunenepa, uliza popote!"

Nilimsikia mtangazaji amekiacha kicheko cha kazini, anacheka chake cha nyumbani, kile cha siku ya gauni. Huko studio kulikuwa na mtu mwingine anacheka kwa mbali, kicheko kizito. Dereva wa lori alikuwa anatikisika kitini hadi kaka akambonyeza bega atulie. Nje ya mlango watu walishaanza kusimama, muuza matunda, mwenye baiskeli aliyenitukana, kila mtu ametega sikio.

Wakaenda mbio. Mume wangu akaleta "ring up", kaka akamjibu na "call up". Mume wangu akasema Mwingereza anayengoja zamu yake ana-"queue up", kaka akasema Mmarekani ana-"line up", na wote wawili wakakubaliana kwamba dereva wa lori hafanyi hata kimoja kati ya hivyo, anapenya tu. Dereva akapinga kwa sauti, ikasikika hewani. Mume wangu akasema, "Ukimpigia Mwingereza ofisini, anayepokea akikuambia 'you're through', furahi, umeunganishwa, ongea." Kaka akasema, "Mmarekani akikuambia 'you're through', chukua kofia yako uende nyumbani, umekwisha." Hapo mtangazaji akasema, "Na mimi nawaambia kwa Kimarekani, dakika tano hizo..."

"Bado kimoja," akasema mume wangu.

Alivyolitamka, nilijua. Kaka naye alijua, kwa sababu aliiondoa mashine kichwani kwa dereva.

"Kuna 'wash up'," akasema mume wangu. "Wasikilizaji, ukiwa kwa Mwingereza mmemaliza kula, akasema 'let's wash up', inuka ukamsaidie kuosha vyombo. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na ni sahihi." Akanyamaza kidogo. Safari hii kimya hakikunitisha. "Lakini ukiwa kwa Mmarekani, hapo mimi sijawahi kufika. Aliyefika ni shemeji yangu. Shemeji, waambie."

Mngemwona kaka yangu! Huyu mtu ambaye kule kambini hakumwishi! Akajipangusa pua kwa kiganja.

"Ni kunawa," akasema. "Mikono na uso."

"Mmesikia, wasikilizaji," akasema mume wangu. "Ni kunawa."

Ukaingia wimbo. Watu wa mlangoni wakapiga makofi, dereva wa lori akapiga makofi ndani ya shuka, na mimi nikakaa chini kwenye nywele zilizokatwa nikalia, gauni zima likajaa nywele za dereva na sikujali.

"Inuka hapo, dada," akasema kaka bila kunitazama. "Unanichafulia duka."

Mume wangu alirudi kabla ya mchana. Nilimwona tangu kona, koti mkononi, anasimamishwa na watu kila hatua, wengine wanampigia kelele "Fill it out!" kutoka juu ya ngazi za maduka. Nilijua wamempa. Nikamkimbilia.

"Wamekupa!"

"Wamenipa nusu," akasema. Alikuwa anatabasamu na ameogopa kwa wakati mmoja. "Meneja anataka wawili. Amesema simu zilifurika, watu wanauliza yule mwenye mashine atarudi lini. Mmoja peke yake hamtaki. Wawili au hakuna, na anataka jibu leo."

"Sasa umesimama kwangu unafanya nini?"

"Nitamwambia nini?" akaniuliza, mtu ambaye ana maneno ya lugha mbili.

"Mwambie lolote, ila usianze na Kiingereza."

Akavuka barabara. Nikamfuata, bila shaka ningemfuata hata kama ningefungwa kamba. Na kwa kuwa nilikuwa nyuma yake kwenye jua kali, nikakiona kisogo chake. Mke unaishi na mtu unamwona uso tu! Tangu kaka aondoke, alikuwa anajinyoa mwenyewe kwa vioo viwili, kwa ubishi, hataki kushikwa kichwa na kinyozi mwingine. Wazee walisema kinyozi hajinyoi. Huku pamepanda, kule pamezama, kuna kidonda cha wembe kilichopona vibaya karibu na sikio. Kisogo cha mtu asiye na wa kumshika. Nikamwonea huruma.

Kaka alikuwa anafagia zile nywele za dereva. Alipomwona mume wangu mlangoni akaegemeza ufagio ukutani.

"Shemeji," akaanza mume wangu, "nimekuja kukuambia kwamba..."

Kaka alikuwa hamtazami usoni. Alikuwa anatazama kile kisogo kwenye kioo kilichokuwa ukutani nyuma ya mume wangu. Akalichukua shuka, akalikung'uta, akakigeuza kiti.

"Kaa," akasema.

"Nisikilize kwanza. Meneja anasema..."

"Najua anachosema, yule mtangazaji alipiga kwenye simu ya dereva kabla hajaondoka, na mimi nimeshamjibu. Nimesema kaa. Huwezi kwenda redioni na kichwa hicho."

"Lakini kaka," nikasema, "redio haina picha."

"Nyamaza, dada. Mimi ndiye nitakayekaa naye humo ndani kila asubuhi. Mimi nitakuwa nakiona."

Mume wangu akakaa. Kaka akamfunga shuka, akaliweka sawa shingoni kwa vidole viwili kama anavyowafanyia wazee, akakiinamisha kichwa mbele taratibu. Nikamwona mume wangu kwenye kioo, macho yamemjaa, machozi yanashuka puani, na mikono yake yote miwili iko chini ya shuka. Nikachukua kona ya lile koti jipya nikamfuta mimi.